Mashine Imeshuka Bei, Lango Limehama: Historia Fupi ya Maarifa Yanayotengenezwa Nyumbani Dar es Salaam

Kwa miaka mingi mjadala wetu kuhusu ajira za vijana umezunguka kilimo, viwanda na bodaboda. Ni nadra kutajwa kazi nyingine iliyoenea katika vyumba vya kupanga vya Mbagala, Tandika, Manzese, Mwananyamala na Sinza: kazi ya kutengeneza maarifa kwa kompyuta ya nyumbani na kuyauza. Mwalimu aliyehitimu bila kuajiriwa anaandaa maswali na majibu ya kidato cha nne. Mhitimu wa kilimo anaandika mwongozo wa ufugaji wa kuku wa kienyeji. Mhasibu anauza kielelezo cha mchanganuo wa biashara. Mwingine anauza mwongozo wa kujiandaa na usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Mtunzi anauza riwaya kwa sehemu, moja leo na nyingine keshokutwa. Kazi inakamilika ikiwa faili la PDF, fedha inaingia kwa simu, na faili linatumwa kwa WhatsApp. Hakuna fremu ya duka, hakuna bango, na mara nyingi hakuna risiti.

Jambo hili huelezwa kwa namna mbili. Wapo wanaoliona kuwa zawadi ya teknolojia mpya, jambo ambalo wazazi wetu hawakuwahi kulijua. Wapo pia wanaoliona kuwa ujanja wa mjini, kazi ya watu walioshindwa kupata kazi za kweli. Maelezo yote mawili yana kasoro moja: hayana historia. Dar es Salaam ina angalau miaka themanini ya watu waliotengeneza maandishi wakiwa na mashine ndogo na mtaji mdogo, nje ya taasisi kubwa, wakayauza au kuyasambaza wenyewe. Tukiisoma historia hiyo kwa makini tunaona mwenendo mmoja unaojirudia. Katika kila kizazi mashine ya kutengenezea maarifa imeshuka bei, na katika kila kizazi lango la kuyafikisha kwa watu limehama, likapata mlinzi mwingine. Anayetaka kuwaelewa vijana wa Tandika na Manzese hana budi kutazama lango kabla ya kuitazama kompyuta.

Kwetu na Sauti ya TANU

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha jarida la Kiswahili, Mambo Leo, lililosimamiwa na idara ya elimu. Lilisomwa sana, na lilikuza waandishi wengi. Hata hivyo lilikuwa jarida la serikali, lenye mtaji wa serikali na mipaka iliyowekwa na serikali.

Novemba 1937 likatokea gazeti la aina nyingine. Erica Fiah, Mganda aliyekuwa amehamia Dar es Salaam na kufungua duka, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza nchini Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ameanzisha chama cha kutetea maslahi ya Waafrika wa mjini, hasa wafanyabiashara wadogo. Fiah hakuwa na shirika la uchapishaji nyuma yake. Alikuwa mwenye duka aliyeamini kwamba Waafrika wa mji huu walikuwa na mambo ya kuambiana ambayo Mambo Leo lisingeyasema. Kwetu lilitoka kwa kuyumba, likisumbuliwa na uhaba wa fedha, lakini lilidumu kwa zaidi ya muongo mmoja. Fiah alishindana na gazeti ambalo halikulazimika kupata faida, na kila toleo lake lilipaswa kupita kwenye mtambo wa chapa ambao gharama yake mtu wa kawaida hakuweza kuibeba. Katika zama zake lango lilikuwa mtambo huo.

Miaka ishirini baadaye, TANU ilipata njia ya kulizunguka lango hilo. Kuanzia mwaka 1957 Julius Nyerere alihariri jarida dogo, Sauti ya TANU, lililotolewa kwa stensili. Vijana wa leo hawaijui stensili, kwa hiyo inafaa kuieleza. Mwandishi alichapa maneno kwa taipureta iliyoondolewa utepe wa wino, juu ya karatasi iliyopakwa nta. Herufi zilitoboa nta. Karatasi ile ilifungwa kwenye pipa dogo lenye wino, na kila pipa lilipozungushwa nakala moja ilitoka. Ofisi yenye taipureta, mashine ya kuzungusha na rimu chache za karatasi iliweza kutoa mamia ya nakala bila kumwomba mwenye mtambo.

Kilichofuata kinafundisha. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na makala iliyowakosoa maofisa wawili wa wilaya. Alitetewa na wakili maarufu wa Uingereza, D. N. Pritt. Agosti mwaka huo mahakama ilimtia hatiani na kumpa adhabu ya faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa faini. Stensili ilikuwa imemwondolea TANU mzigo wa mtambo wa chapa. Haikuweza kumwondolea mzigo wa sheria. Lango lilikuwa limehama kutoka kiwandani kwenda mahakamani.

Taipureta ya wanafunzi na kompyuta ya Hazina

Baada ya uhuru tungetarajia lango lifunguke, na kwa kiasi fulani lilifunguka. Mwaka 1966 ilianzishwa Tanzania Publishing House, ambayo mwaka 1972 ilishiriki kuchapisha kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Vitabu ambavyo wachapishaji wa kikoloni wasingevigusa vilitoka Dar es Salaam na kusomwa duniani kote. Hatuna sababu ya kuibeza kazi hiyo.

Lakini dola iliyojenga nyumba ya kuchapisha ilijenga pia imani kwamba maarifa halali ni yale yanayopita mikononi mwake. Novemba 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu hapa Mlimani walianza kutoa jarida lao, Cheche. Karim Hirji alikuwa miongoni mwa wahariri wake. Walichapa wenyewe, wakadurufu wenyewe, wakasambaza wenyewe. Mwaka 1970 jarida hilo lilitoa makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyo na sauti, makala ambayo hadi leo mwanafunzi wa siasa ya Tanzania hawezi kuiruka. Novemba mwaka huohuo Cheche lilipigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake. Jarida hilo lilikuwa linaunga mkono ujamaa. Kosa lake halikuwa kuupinga. Liliujadili ujamaa bila kuomba ruhusa. Mwaka 1976 ikapitishwa Sheria ya Magazeti, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa sababu alizoziona zinafaa, na sheria hiyo ilidumu kwa miaka arobaini.

Katika kipindi hichohicho kompyuta nayo iliingia katika historia yetu, na iliingia kupitia Wizara ya Fedha. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa huko mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta chache mno, na mwaka huo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Uamuzi huo mara nyingi husimuliwa kama kichekesho, lakini haukuwa wa kijinga. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikuwa limekwenda vibaya na kugharimu fedha nyingi za kigeni, wataalamu walikuwa wageni, na nchi ilikuwa inahangaika kununua chakula na mafuta.

Swali ninalowauliza wanafunzi wangu kuhusu marufuku hiyo ni hili: ilimzuia nani? Katika hali ya mwaka 1974 hakuna mwananchi wa Temeke ambaye angenunua kompyuta. Marufuku ilizizuia idara na mashirika. Lakini iliacha mazoea katika fikra za utumishi wa umma, kwamba mashine ya kuchakata maarifa ni kitu cha kuidhinishwa kutoka juu, na kwamba mwananchi anayeitaka anapaswa kueleza anaitakia nini. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya themanini. Mazoea yalibaki kwa muda mrefu zaidi.

Wasomaji wengi, karatasi chache

Wakati lango la juu likibanwa, chini yake jambo kubwa lilikuwa limetokea. Kampeni za elimu ya watu wazima na Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotangazwa katika miaka ya sabini, zilizalisha wasomaji kwa mamilioni. Kisha vikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaadimika, na karatasi ikawa miongoni mwa bidhaa za shida. Dola ilikuwa imewafundisha watu kusoma, na haikuwa na cha kuwapa wasome.

Pengo hilo lilizibwa na watunzi wa mitaani. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1965, kwa Simu ya Kifo, kwamba msomaji wa Kiswahili anapenda hadithi ya upelelezi. Elvis Musiba alifuata kwa Kufa na Kupona mwaka 1974. Mwishoni mwa miaka ya sabini na katika miaka ya themanini ikaja safu ya waandishi, akiwamo Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa, ambao hawakusubiri kukubaliwa na mashirika ya uchapishaji. Baadhi yao walianzisha kampuni ndogo zao wenyewe. Mtobwa alianzisha Heko Publishers, na kupitia kampuni hiyo Dar es Salaam Usiku ilitoka mwaka 1990. Vitabu hivyo vilikuwa vyembamba, vya karatasi hafifu, na viliuzwa mikononi kwenye vituo vya mabasi na mabarazani.

Sisi wa vyuo vikuu tulichelewa kuvitilia maanani. Tuliviita fasihi pendwa kwa sauti ya dharau, tukaendelea kufundisha vitabu vilivyoidhinishwa. Hata hivyo watunzi hao ndio waliothibitisha jambo ambalo uchumi wote wa leo wa faili za PDF unasimama juu yake, yaani kwamba mfanyakazi wa kiwandani, kondakta na mama muuza vitumbua watatoa fedha yao ndogo kununua maandishi ya Kiswahili ikiwa maandishi hayo yanazungumzia maisha wanayoyajua. Baadaye Eric Shigongo na magazeti ya Global Publishers walijenga biashara kubwa juu ya ukweli huohuo, kwa hadithi zilizoendelea toleo hadi toleo. Mtunzi wa leo anayeuza riwaya kwa sehemu kupitia simu amerithi mbinu hiyo.

Kutoka steshenari hadi simu

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya themanini na tisini yalileta kompyuta za mezani mjini, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mwanzoni ziliingia kwenye maduka ya steshenari, na si majumbani. Kando ya barabara za Magomeni, Temeke na Mwenge zilichipuka huduma za kuchapa barua, kutengeneza kadi za harusi na kutoa fotokopi. Mwaka 1996 kampuni ya kwanza ya kuuza huduma ya intaneti, CyberTwiga, ilikuwa imeanza kazi Dar es Salaam, na miaka michache baadaye migahawa ya intaneti ilijaa mjini.

Hapo ndipo biashara ya notisi ilipokomaa. Kati ya mwaka 2004 na 2009 idadi ya shule za sekondari nchini iliongezeka zaidi ya mara tatu, hasa kwa kujengwa kwa shule za kata. Wanafunzi walikuwapo, madarasa yalikuwapo, lakini walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye notisi nzuri alikuwa na mali. Aliziandika kwa mkono, binti wa steshenari akazichapa, na wanafunzi wa tuisheni wakanunua fotokopi. Vyuoni nako madesa yalipita mkono hadi mkono, yakidurufiwa mpaka maandishi yake yakafifia.

Lakini nani alipata fedha? Katika biashara ya notisi za steshenari, aliyepata zaidi alikuwa mwenye mashine ya fotokopi. Mwalimu aliuza nakala ya kwanza, na nakala zote zilizofuata zilikuwa mali ya steshenari. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa tayari inasema kwamba kazi ya maandishi inalindwa tangu inapoumbwa, katika uhai wa mtunzi na miaka hamsini baada ya kifo chake. COSOTA ilianza kazi mwaka 2001. Hata hivyo sheria hiyo haikufika kwenye kaunta ya steshenari. Lango la zama hizo lilikuwa mashine ya kunakili, na mlinzi wake hakuwa serikali bali jirani.

Hali ilibadilika kwa mambo mawili yaliyotokea karibu pamoja. Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, na kampuni nyingine za simu zikafuata kwa huduma zao. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na utegemezi wa mawasiliano ya setilaiti ukaanza kupungua. Wengi hutaja mkongo kuwa ndio mapinduzi. Mimi ninaona fedha ya simu ilikuwa na uzito mkubwa zaidi kwa mtengenezaji mdogo. Kabla yake, mtu wa Mbagala aliyekuwa na mwongozo mzuri wa kufuga kuku hakuwa na njia ya kupokea shilingi elfu mbili kutoka kwa mtu wa Sumbawanga. Benki haikuwa na habari na kiasi kidogo namna hiyo, na kutuma noti kwa basi kuligharimu na kulikuwa na hatari. Fedha ya simu ilimfungulia soko la nchi nzima akiwa chumbani kwake.

Kwa mara ya kwanza tangu siku za Fiah, mtu mmoja aliweza kuandika, kupanga kurasa, kutangaza, kuuza na kulipwa bila kutoka nyumbani. Gharama yake ilikuwa kompyuta iliyokwisha kutumika, bando na umeme wa Luku.

Lango jipya

Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kupata leseni kutoka TCRA. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo Jamii Forums ilisitisha huduma zake kwa muda. Blogu nyingi ndogo zilinyamaza.

Tufanye hesabu rahisi. Chukua mwalimu wa Temeke anayetaka kuweka masomo yake kwenye blogu ili wanafunzi wayaone, kisha anunuliwe vijitabu vyake kwa shilingi 2,000 kimoja. Ili kulipa shilingi 2,100,000 za mwanzo angehitaji kuuza vijitabu 1,050 kabla hajapata hata nauli ya daladala. Kampuni kubwa ya habari ingeilipa ada hiyo bila kutetereka. Kanuni haikumtaja mtu maskini mahali popote, lakini kwa vitendo yeye ndiye aliyebaki nje.

Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, na baadhi ya masharti yakalegezwa. Hilo ni jema. Lakini katikati ya mabadiliko hayo, Julai 2021, ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa zaidi mwaka uliofuata. Kwa mtu anayepokea malipo madogo kutoka kwa wateja wengi, jambo hilo liligusa mshipa uleule uliompa uhai.

Athari ya kudumu ya kipindi hicho haikuonekana katika takwimu za blogu zilizofungwa. Ilikuwa uhamiaji. Watengenezaji walitoka uwanjani wakaingia kwenye magrupu ya WhatsApp na baadaye Telegram, mahali ambapo hakuna leseni inayodaiwa kwa urahisi. Huko waliikimbia ada, lakini walipoteza mambo mengine. Ndani ya kundi lililofungwa, mnunuzi mmoja akilisambaza faili, mtunzi hajui limekwenda wapi. Mtu mwingine akifuta jina lake na kuweka namba yake ya simu, mtunzi hana tarehe ya hadharani ya kuonyesha kwamba yeye alitangulia. Sheria ya mwaka 1999 ingali inamlinda, lakini inamlinda mtu anayeweza kuthibitisha. Na mteja aliyeuziwa takataka hana pa kulalamikia. Lango lililowekwa kwa jina la kulinda jamii liliisukuma biashara mahali ambapo jamii haiwezi kuiona.

Hoja ya wanaolinda lango

Haitakuwa haki kuishia hapo, kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wangu wapo watumishi wa umma wanaosimamia kanuni hizi, nao wana hoja. Zipo PDF zinazouza tiba za uongo. Wapo wanaouza kile wanachokiita mitihani iliyovuja, ambacho kikiwa cha kweli ni jinai na kikiwa cha uongo ni utapeli. Ipo miongozo ya utajiri wa haraka iliyoandikwa na watu ambao utajiri wao pekee unatokana na kuuza miongozo hiyo. Mzazi wa Mbagala anayempa mwanawe fedha ya notisi ana haki ya kulindwa.

Ninaikubali hoja hiyo. Ninachokikataa ni chombo kinachotumika. Ada ya mlangoni haipimi ubora. Tapeli mwenye mtaji anailipa, na mwalimu mwaminifu asiye na mtaji anashindwa. Utapeli una sheria zake, mitihani ina sheria zake, na dawa zina mamlaka zake. Sheria hizo humhukumu mtu kwa alichokitenda. Ada humhukumu kwa ukubwa wa mfuko wake kabla hajatenda lolote.

Katika elimu tumeona sura nyingine ya jambo hilohilo. Mwaka 1991 soko la vitabu vya shule lilifunguliwa kwa wachapishaji binafsi. Mwaka 2013, baada ya malalamiko kuhusu makosa katika vitabu vilivyoidhinishwa, kamati ya kuviidhinisha ilivunjwa na kazi ya vitabu vya kiada ikarejeshwa kwenye Taasisi ya Elimu. Wapo wanaotetea uamuzi huo kwa sababu nzito. Lakini matokeo yake kwa mwandishi mdogo ni kwamba mlango rasmi wa shule umefungwa kwake, na kilichobaki ni notisi, maswali na tuisheni. Kisha tunamlaumu kwa kushinda huko.

La kufanya

Yapo mambo matatu ambayo hayahitaji mapinduzi.

La kwanza linaihusu serikali. Mtu anayeuza maandishi yake mwenyewe kwa kiasi kidogo asiulizwe leseni ya utangazaji. Ajiandikishe bure, kwa jina na namba yake, kama anavyoandikishwa mfanyabiashara mdogo, na aanze kulipa kodi mapato yake yanapofikia kiwango cha kulipiwa kodi. Serikali itapata takwimu ambazo leo haina, na mteja atapata mtu wa kumdai.

La pili linatuhusu sisi wa vyuo na maktaba. Ninaweza kuandika leo kuhusu Kwetu, Sauti ya TANU na Cheche kwa sababu nakala zake zilihifadhiwa. Mwanahistoria wa mwaka 2080 atakayetaka kujua wanafunzi wa shule za kata walisoma nini hasa, nje ya vitabu vya kiada, atakuta pengo. Faili zile zimo kwenye simu, na simu zinavunjika, zinaibwa na kuuzwa Kariakoo. Bodi ya Huduma za Maktaba ina wajibu wa kuhifadhi machapisho ya nchi na ndiyo inayotoa namba za ISBN. Ifungue mlango wa faili za watu wadogo, na iende kuwatafuta badala ya kuwasubiri pale Maktaba Kuu.

La tatu linawahusu vijana wenyewe, wakiwamo wanafunzi wangu wanaolipia chumba kwa kazi hii. Msiuze faili lisilo na ukurasa wa kwanza wenye jina kamili la mtunzi, mtaa, mwezi na mwaka. Hifadhini nakala ya mwanzo pamoja na rasimu zake, kwa kuwa siku ya shauri rasimu ndiyo shahidi. Sajilini kazi kubwa COSOTA. Na ninyi mnaonunua, msisambaze mlichouziwa. Fiah alibeba hasara ya gazeti lake kwa miaka, na wanafunzi wa Cheche walipoteza jarida lao, lakini hakuna aliyeweza kusema maandishi yale hayakuwa yao. Majina yao yalikuwa juu ya ukurasa.